Tuta la Kamsamba Lililopanda Lenyewe

Wakuu, tuta la kifusi halipandi lenyewe. Hushuka tu. La kwangu lilipanda milimita sita kwa wiki moja.

Nilikuwa Kamsamba, ukingoni mwa Ziwa Rukwa. Kampuni ilimwaga kifusi juu ya tope ili likandamizwe, likishatulia gati lijengwe. Mimi nikaachwa peke yangu kupima kila asubuhi tuta linashuka kiasi gani.

Miezi mitano. Joto la kule si mchezo, na mimi mtu wa milima ya Ileje. Kuna siku nilipiga simu huduma kwa wateja nisikie tu mtu akinisalimia.

Wa kunishikia fimbo ya vipimo alikuwa mama mmoja wa pale, anaitwa Fides. Maneno machache sana. Anaiweka kwanza kwenye alama isiyoshuka, nasoma kwa darubini, kisha anaipeleka juu ya tuta, nasoma tena. Tofauti ndiyo jibu.

Alama ya kweli ilikuwa shuleni, kilomita mbili. Nikaona ya nini kujitesa? Karibu na tuta palikuwa na kisakafu cha zege, nikakipaka rangi nyekundu, kikawa alama yangu. Mchana nakalia hapohapo, nakula, naongea mwenyewe.

Kitu kimoja nilikipuuza. Mama yule akifika pale alikuwa anavua kandambili. Nikadhani anaogopa kuchafua.

Sasa tuta likapanda. Injinia wa kampuni, Enoka, akasema kwenye simu nimesoma vibaya tu, udongo umetulia, Jumatatu zege linamwagwa.

Roho ikakataa. Udongo ukiwa bado unashuka, gati litapasuka watu wakiwa juu yake. Jumamosi tukaanzia shuleni na mama, tukapima mdogo mdogo hadi tutani, kutwa nzima.

Tuta lilikuwa bado linashuka. Ila kisakafu changu kilishuka zaidi, ndiyo maana tuta likaonekana linapanda.

"Mama, hapa chini kuna nini?"

Akavua kandambili kwanza.

"Mwanangu, Ombeni. Alikuwa na miaka minne. Tulimsakafia mwaka jana, msalaba ukaliwa na mchwa."

Miezi mitano nakalia kaburi la mtoto. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungehama, baba. Ulikuwa unakuja kila siku, unakula hapa, unaongea. Baba yake mwenyewe hajarudi tangu tumzike."

Nililia, siwafichi.

Nikampigia Enoka, nikakiri yote. Zege likasimamishwa, na mimi nikasimamishwa. Nilistahili.

Asubuhi ya kuondoka nilipita pale, nikavua viatu. Mama akasimamisha fimbo bila kuambiwa. Nikasoma. Sikuandika popote.

Wakuu, ukifika ugenini uliza unakanyaga wapi. Na ukijiona huna mtu, huenda kuna mama mahali anahesabu siku unazokuja.