Fomu Sitini na Moja za Mama Taipu

Mtu anayeingia ofisi namba saba kwa mara ya kwanza huona rula kabla ya kumwona mwenyewe. Ni rula ya mti, ya sentimita thelathini, pembe yake moja imeliwa, na tarakimu zimefutika kuanzia moja hadi tisa, mahali ambapo kidole gumba kimeishika kwa miaka thelathini na miwili. Rula hiyo hulala chini ya mstari unaosomwa na kushuka mstari mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi akiwa amebeba mtoto. Ukishainua macho ndipo unamwona Mama Taipu: mama mnene kiasi, miwani imening'inia kwa uzi, midomo ikicheza bila sauti.

Yeye ni katibu muhtasi wa Idara ya Takwimu. Kazi zake chuoni ni nyingi, lakini iliyompa jina ni moja. Kila mwisho wa muhula wanafunzi hujaza fomu za maoni kuhusu walimu wao. Nusu ya juu ni ya kuweka alama za vema. Nusu ya chini ni mistari mitupu, mwanafunzi aandike la moyoni. Mistari hiyo mwalimu haruhusiwi kuiona kwa mwandiko wa mwenyewe, kwa sababu walimu wa idara ile wamesahihisha mazoezi mpaka wanaijua miandiko ya watu kama wanavyozijua sura zao. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa katikati wa kuyachapa maoni yote upya, aliyekasirika na aliyefurahi watoke herufi moja. Mtu huyo ni Mama Taipu.

Alianza kazi akiwa kijana wa miaka ishirini na minane, mwembamba kama hiyo rula yake. Wakati huo hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na mashine ya kuchapa ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, ambayo kengele yake ilisikika mpaka ukumbi wa mihadhara wa chini. Wanafunzi waliokaa madirishani walikuwa wakihesabu milio. Mwalimu akichelewa, walisema, "Tulieni, Mama Taipu anamchapa." Utepe wa wino ulitia vidole rangi ya zambarau ambayo sabuni haikuitoa, na mumewe, Mungu amrehemu, alizoea kumtania kwamba ameoa mkono mmoja wa mtu na mmoja wa bilinganya. Mpaka leo, ingawa mashine ile imewekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa, Mama Taipu hubonyeza kompyuta kwa nguvu zilezile. Vibao vitatu vya herufi vimeshamfia mikononi.

"Mama, hiyo haina chuma ndani," tarishi wa idara humwambia kila anapopita na barua.

"Na wewe huna mafuta magotini, mbona nakuvumilia ukipanda ngazi?"

Ndivyo wanavyosalimiana hao wawili, miaka nenda miaka rudi.

Mwaka huohuo alioanza kazi, alianza pia mhadhiri mmoja kijana. Wanafunzi walimpa jina la Mbio ndani ya wiki moja. Aliandika ubaoni kwa mkono wa kulia huku akifuta kwa kushoto, na kati ya mikono hiyo miwili mwanafunzi alikuwa na pumzi mbili tu za kunakili. Lakini nje ya darasa alikuwa mtu mwenye haya na roho safi. Idara ilipohamishiwa ghorofa ya tatu, wahadhiri wote walipita pembeni ya ile mashine ya kuchapa wakijifanya wanasoma makaratasi. Mbio peke yake aliikumbatia akaibeba mpaka juu, na alipoitua aliuliza kama dada ameumia mahali, wakati aliyekuwa akitokwa damu kidoleni ni yeye.

Mwisho wa muhula ule fomu zake zilifika sitini na moja. Mama Taipu aliweka rula chini ya mstari wa kwanza, akasoma, akatoa miwani, akaivaa tena. Mwanafunzi wa kwanza aliandika kwamba mwalimu anafundisha kama anayekimbizwa na mbwa. Wa pili alisema tangu muhula uanze anaujua mgongo wa mwalimu kuliko uso wake. Wa tatu, kwa mwandiko mdogo uliolala, aliandika maneno mawili tu: *Mwalimu, geuka.*

Akiwa hapo, mlango ukafunguka. Mbio alisimama kizingitini, chaki mpaka kwenye kope, akauliza kwa sauti ya mtu anayesubiri majibu ya hospitali, "Dada, wameandika nini?"

Alimwambia asubiri. Akampa kisogo, akaingiza karatasi kwenye mashine, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake ya kazi, hakuchapa alichokisoma. Yule wa mbwa aligeuka kuwa *Mwalimu ana kasi nzuri.* Yule wa mgongo akawa *Mwalimu anautumia ubao kikamilifu.* Waliosifu walikuwa tisa. Aliwachapa wote, tena wakatangulia. Maneno mawili ya mwandiko uliolala hakujua ayageuze vipi. Aliyaruka.

Mbio alisoma akiwa amesimama, akatabasamu, akasema hakutegemea. Siku hiyo Mama Taipu alirudi nyumbani akijiona ametenda wema.

Mwaka uliofuata aliona aibu na kuchapa kila kitu, neno kwa neno. Maoni yalikuwa yaleyale, ila safari hii yalimfikia Mbio mwenyewe, nayo yakampiga kama maji ya baridi. Alikuja ofisini akauliza amewakosea nini wanafunzi, maana mwaka jana walimpenda. Mama Taipu akasema hajui. Mbio akakaa na nafsi yake. Akajifunza kusimama pembeni ya ubao, kugeuka, kuuliza swali na kungoja jibu hata kama kimya kinatia woga. Mwaka wa tatu watu walianza kuhamia darasa lake kutoka idara nyingine. Miaka ikapita, akapata uprofesa, mvi na kitambi, na sasa ndiye Mkuu wa Kitivo. Jina la Mbio limebaki midomoni mwa wazee wachache. Kila asubuhi hupitia ofisi namba saba kabla ya kwenda kwake, hugonga kwa kucha mara mbili na kusema, "Dada, uzima?" Chuo kizima humwita Mama. Yeye peke yake ndiye bado anayemwita Dada.

Jambo lile lingelala lilipolala kama Mama Taipu asingekalia kiti cha kuandika muhtasari wa kikao, mwezi mmoja hivi kabla ya kustaafu.

Kamati ilikuwa ikiandaa mwongozo mpya wa kuinua ubora wa ufundishaji. Walibishana kutwa nzima juu ya swali moja: mwalimu akipata maoni mabaya, aitwe lini? Wapo waliotaka aitwe palepale. Mkuu wa Kitivo akaomba nafasi, akasimulia kisa chake. Alisema mwaka wake wa kwanza wanafunzi walimsifu, na wa pili, akifundisha vilevile, daftari lilelile, utani uleule, walimchana vipande. Yeye alikuwa kijana, akajirekebisha. Mwingine angevunjika moyo bure. Funzo alilolipata, akasema, ni kwamba maoni ya mwaka mmoja hayategemeki. Akapendekeza kipengele cha sita: mwalimu asiitwe mpaka maoni yawe mabaya kwa miaka miwili mfululizo.

Profesa wa takwimu akisema data haitoshi, nani atabisha? Vichwa vikatikiswa kwa kukubali kuzunguka meza nzima. Kalamu ya Mama Taipu ilisimama katikati ya neno.

Jioni ile alimkuta mjukuu wake jikoni akisuuza vyombo. Binti huyo alikuwa ameandikishwa chuo hichohicho, tena Takwimu, na masomo yangeanza Jumatatu. Alikuwa na furaha ya kupita kiasi, ya mtu aliyekwishapanga kalamu kwa rangi. Katikati ya porojo akauliza, "Bibi, mwalimu akiwa haeleweki, tukisema anabadilika?"

"Anabadilika."

"Lini?"

Mama Taipu alihesabu kimoyomoyo. Kwa kipengele cha sita, ingekuwa mjukuu wake yuko mwaka wa tatu. Akamwambia vyombo vinamsubiri.

Usiku haukumpa usingizi wa maana, na asubuhi, rasimu ya mwongozo ikiwa mezani ikingoja kuchapwa, alifungua droo ya chini kabisa. Kwa utaratibu, fomu za wanafunzi huteketezwa baada ya mwaka mmoja. Yeye mwenyewe ndiye huzipeleka, na ameshateketeza maelfu. Zile sitini na moja hakuwahi kuzipeleka. Zilikuwa kwenye jalada la kijani lililopauka, chini ya vitambaa vya kufutia vumbi, karatasi zimekuwa na rangi ya chai. Akapiga moyo konde, akalikumbatia jalada, akapanda ngazi.

"Leo Dada kanitangulia," Mkuu wa Kitivo alisema, akamvutia kiti.

Hakukaa. Alimweleza yote akiwa amesimama, kuanzia kope zenye chaki hadi maneno mawili aliyoyaruka, na hakujitetea popote. Alimaliza kwa kusema kwamba wanafunzi wale hawakuwahi kubadilika. Aliyebadilisha ni yeye, na kipengele cha sita kimejengwa juu ya mkono wake.

Profesa aliyavuta makaratasi, akavaa miwani. Alisoma moja moja, akiyageuza kifudifudi upande wa kushoto. Kwenye ile ya mbwa alicheka kidogo puani. Kwenye ile ya mwandiko uliolala alikaa muda mrefu.

"Darasa lile walirudia mtihani watu ishirini na wanne," alisema hatimaye. "Niliwaita wavivu. Mbele ya wenzao."

Mama Taipu alilivuta jalada tupu kifuani.

"Wawili hawakurudi kabisa. Mmoja alikuwa akikaa safu ya mwisho, karibu na nguzo. Mwandiko wake ulikuwa umelala hivi." Akavua miwani. "Dada, mimi ulinionea huruma. Wao nani aliwaonea?"

Mama Taipu alikirudisha kiti mahali pake. Aliomba ruhusa akashuka.

Siku mbili zilizofuata hapakuwa na kucha mlangoni. Saa moja na nusu, saa yake ya kugonga, ilifika na kupita. Tarishi, ambaye hakuna kinachompita, aliuliza kama Mkuu ana homa, naye akamjibu akajali magoti yake. Lakini sauti haikuwa na utani, na mzee wa watu aliweka barua polepole akaondoka kwa vidole vya miguu. Mama Taipu alijikuta akikitazama kile kitambaa kilichofunika mashine ya zamani. Alikumbuka kelele za kengele, harufu ya wino, na kijana aliyepanda ngazi akihema na chuma kifuani. Aliwaza kwamba huenda ameaga kabla ya tarehe yake.

Siku ya tatu, mlango uligongwa. Mara mbili, kwa kucha.

Profesa aliweka rasimu mezani. Kipengele cha sita kilikuwa kimekatwa kwa mstari mmoja mrefu, na pembeni, kwa mwandiko wake, ameandika kingine: maoni yachukuliwe wiki ya nne, wakati muhula bado mbichi, na wiki ya tano mwalimu asimame mbele ya darasa lilelile aseme ameambiwa nini na atabadilisha nini. Kamati alikuwa ameshaizungukia, akaisimulia kisa chake upya, na safari hii hakubakiza kitu.

"Sikutaja jina lako," alisema. "Nimesema data yangu ilikuwa mbovu."

"Ungetaja tu, Mwalimu."

"Wangekunyima zawadi ya kustaafu. Sasa sikiliza. Nimechukua darasa la mwaka wa kwanza muhula huu. Miaka kumi na miwili sijafundisha watoto wa mwaka wa kwanza. Mimi ndiye nitakayeanza kuandikwa, na wewe ndiye utakayechapa. Hata nukta usiihamishe."

"Na wakisema una mbwa?"

"Mchape na mbwa."

Wiki ya nne iliangukia juma lake la mwisho kazini. Kuanzia muhula ujao wanafunzi wataandika maoni moja kwa moja kwenye kompyuta, hapatakuwa na mwandiko wa kuficha wala mtu wa katikati. Kwa hiyo fomu zile tisini na nne alizichapa kama mtu anayekula embe la mwisho la msimu. Mjukuu wake alikuwa amemuuliza kama akiandika ukweli atajulikana, naye akamjibu hatajulikana kwa mtu yeyote. Hiyo ndiyo kazi ya bibi yake. Kati ya zile tisini na nne aliutambua mwandiko mmoja wenye kalamu ya kijani. Aliyoyasoma pale aliyachapa bila kupepesa jicho, na nyumbani hakuyagusia.

Ijumaa ya wiki ya tano alikuwa mstaafu wa siku saba. Hata hivyo alivaa gauni lake la kazini, akapanda chuoni, na badala ya kupanda ghorofa ya tatu aliingia ukumbi wa chini, ule ambao kwa miaka yote hiyo alikuwa akiusikia tu kupitia dirishani. Safu ya mwisho, karibu na nguzo, palikuwa na nafasi. Mjukuu wake, safu tatu mbele, aligeuka akamwona, akaficha uso kwa daftari. Wenzake walikuwa wakinong'onezana kama kweli profesa mzima atasimama kuwajibu, na kijana mmoja aliapa kwamba profesa atatuma mtu kusema anaumwa.

Mama Taipu alitoa rula kwenye mkoba akailaza mapajani. Hakuwa na cha kusoma; mikono ilitaka tu kushika kitu. Saa ya ukutani ilionyesha mbili kasoro dakika nne. Kutoka pale alipokaa ubao ulionekana wote, mweusi, umefutwa vizuri, na kipande kimoja cha chaki kikingoja kwenye ukingo wake. Nje, kwenye korido, zikasikika hatua za mtu mzito zikija, na hazikuwa za haraka. Vichwa tisini na vinne vikaelekea mlangoni.