Mpishi aliyefukuzwa kazi kwa kukaa kwenye kiti

Hii hutaamini, lakini imetokea Kasese mjini, Jumapili mchana kweupe, watu wametoka kanisani na nguo zao nzuri: mpishi alifukuzwa kazi kwa sababu alikaa kwenye kiti. Hakuiba. Hakuunguza sufuria. Alikaa, akaagiza chakula, akala. Basi!

Mpishi mwenyewe anaitwa Kahambu, na saa hii yuko Bwera, kando ya barabara inayoteremka mpakani Mpondwe, anakaanga vitunguu. Moshi unamuingia machoni, yeye anacheka tu. Anatupa bizari kwenye mafuta, inapasuka pa-pa-pa, harufu inavuka barabara, na madereva wa malori wanaanza kushuka hata hawajaitwa.

"Ngojeni!" anawapigia kelele. "Mbuzi haiyakubali! Munataka nyama ao munataka kutafuna kiatu?"

Hiyo mbuzi ni kari ya Kihindi kabisa, nyekundu, nzito, inang'aa mafuta. Lakini kwa Kahambu hailiwi na chapati. Inaliwa na bundu, ule ugali wa muhogo ambao Munande, mtu wa kabila la Kahambu, akikosa, hata ashibe vipi, atakuambia leo hajakula.

Na bundu ndiyo ilileta vita.

Kahambu alikimbia kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, Kongo, na watoto watatu na mama yake mzazi, mama Kavira. Kasese akapata kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli moja ya chakula cha Kihindi. Mke wa mwenye hoteli, Muhindi mmoja anaitwa Naimah, alimkuta siku moja analamba mwiko na kukunja uso. Akamuuliza kuna nini. Kahambu akasema tangawizi imelala, haina ukali. Kesho yake akahamishiwa kwenye jiko.

"Alinifundisha kama mutoto wake," anasema. "Akiniona nafanya haraka, ananipiga mukono, anasema: Mafuta kwanza, mama, mafuta kwanza!"

Baadaye Naimah na mume wake wakahamia Kampala, hoteli ikabaki kwa meneja, Mwesigwa. Kari zote zilitoka mkononi kwa Kahambu, lakini ukutani ilining'inia picha ya mwanaume mwenye kilemba na masharubu, na wateja waliapa huyo ndiye mpishi. Watu wa jikoni walikula nyuma, kwenye ngazi, karibu na mapipa ya taka. Sheria ilikuwa hiyo.

Nyumbani mama Kavira alikuwa na wimbo mmoja. "Kila siku unarudia na harufu ya chakula. Mimi nitakula harufu mpaka lini?"

Ndiyo Jumapili yake ya kupumzika Kahambu akamvalisha mama kitenge, akampeleka hotelini, akamkalisha meza ya katikati. Akaagiza kari ya mbuzi kama mteja yeyote. Chakula kikafika. Mama akaangalia wali, akatikisa kichwa, akatoa kikapu chini ya kitenge. Ndani kulikuwa na bundu, bado ya moto, imefunikwa na jani la ndizi. Alikuwa ameipika asubuhi, kimya kimya, maana nani anaenda kula kwa Wahindi bila bundu?

Mwesigwa akafika mbio.

"Nyabo, mama, hapa chakula ya nje hakuna! Na wewe Kahambu, unakaa hapo kama nani? Simama! Peleka mama yako nyuma."

"Leo mi ni mteja."

"Mteja gani? Mimi nakujua!"

Akanyoosha mkono achukue kikapu. Sasa, kwa Wanande na Wakonzo, ndugu zao wa upande huu wa mpaka, mtu aliye na tonge mkononi hasimamishwi, hata kama anadaiwa, hata kama ni adui. Kahambu akaweka mkono wake juu ya kikapu.

"Mama yangu iko nakula. Akimaliza, tutaongea."

"Usiposimama sasa hivi, kesho usirudi."

Mama Kavira, ambaye alikuwa ameelewa kila kitu, akamuuliza binti yake kwa sauti ya kuamsha wafu: "Huyu kijana anataka nini? Kama iko na njaa, akae!"

Mtu mmoja akapaliwa na soda. Kahambu hakusimama. Na mama, wee! Mama akaanza kula polepole. Anakata tonge, analiviringisha, anachovya, anafunga macho, anasifu chumvi. Kobusingye, dada wa kuhudumia meza, alipopita na birika ya kunawa, Mwesigwa akamkataza kwa jicho. Kobusingye akamwagia mama maji hivyo hivyo.

Walipotoka, Kahambu hakuwa na kazi.

Usifikiri ilikuwa rahisi. Mtoto wake wa kwanza alirudishwa kutoka shule kwa kukosa karo, hajarudi mpaka leo. Bwera alianza na sufuria ya kuazima, na kuna siku mvua ilizima moto na kari ikaenda kwa mbwa.

Juma lililopita boda boda ikasimama mbele ya jiko lake. Akashuka Mwesigwa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kahambu akamuonyesha benchi, akamnawisha, akampa kari na bundu. Meneja akala akamaliza, akapangusa sahani na kidole.

Ndipo akasema. Wateja Kasese wanalalamika. Arudi, mshahara mara mbili. Kitu kimoja tu: asimame mbele ya wafanyakazi wote aseme samahani.

"Samahani ya nini?" Kahambu akauliza.

"Unajua."

"Sijue. Wewe umekuja kwangu, umekaa, umekula, umeshiba. Kuko mutu alikuambia simama?"

Mwesigwa akapanda boda boda yake akarudi Kasese. Madereva walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi.

Sasa Kahambu anataka kukodi kile chumba cha nyuma ya jiko lake, aweke meza, na kila anayepika humo akae mezani na watu. Mama Kavira ameshachagua pake, karibu na mlango. Lakini jioni ya siku ile Mwesigwa alipokuja, Kahambu alipofika nyumbani, mwanawe mkubwa alimuuliza swali moja: "Mama, ni neno moja tu. Kwa nini haukusema?"

Kahambu alimwambia: "Ju siku moja utatafuta kazi na wewe."

Wewe unayesoma, kazi ilikuwepo, mshahara mara mbili, mtoto yuko nyumbani bila shule. Ungesema samahani?