Paipu ya Shaba ya Mzee Breki

Pale Kilosa, Anselmi aliitwa Mzee Breki, na jina hilo alilipata kihalali. Gari halikutoka gerejini kwake kabla hajakanyaga pedali ya breki mara tatu, kisha akainama uvunguni kutazama kama kuna tone. Vijana wa bodaboda walimcheka. "Mzee, hata baiskeli utaipima?" Wangejua kilichomfundisha uangalifu huo, wasingethubutu.

Nyuma ya gereji, chini ya turubai, lilikaa gari jekundu aina ya Mustang, la mwaka 1966. Meneja wa shamba la mkonge alimwachia dereva wake, Ditram, kaka yake Anselmi. Mwaka 1984 Ditram aligonga mti kwenye mteremko, akirudi kutoka Mikumi, akafa hapohapo. Watu walisema ni mwendo kasi. Anselmi, wakati huo kijana wa miaka kumi na tisa, aliwaacha waseme. Tangu siku hiyo harufu ya mafuta ya breki humfuata hadi kwenye sahani ya ugali.

Mwaka huu mafuriko yaliangusha ukuta wa Filomena, mjane wa Ditram, naye akaamua kuliuza gari. Mnunuzi akamtuma Fausta, fundi wa Dar es Salaam anayeyajua magari ya zamani ya Kimarekani kuliko wengi wetu tunavyowajua binamu zetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Filomena akiwa kando, Fausta alianza na kibati cha namba kilichopo mlangoni. Akasugua vumbi, akaiona herufi K katikati ya namba, akashusha pumzi. "K ni injini ya nguvu ya kiwandani. Ila kibati hughushiwa." Akafungua boneti, akasoma namba iliyogongwa kwenye bodi, kisha ile ya kwenye injini. Zikafanana; gari lilikuwa halisi. Hata alama za vioo zilionyesha mwaka uleule. Filomena akapiga kigelegele.

Anselmi hakuweza kushangilia. Tochi ilikuwa inashuka kuelekea magurudumu ya mbele.

"Hii siyo yake," Fausta alisema. "Paipu ya breki ya kiwandani ni ya chuma. Hii ni shaba, na imepasuka. Nani aliifunga?"

Kabla ya ile ajali, Anselmi aliikata mwenyewe kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Spea ingechukua mwezi kufika, na pale shambani kila kilichoharibika kilitengenezwa kwa vipande vya korona. Alitaka kaka yake amsifu.

"Atakuwa Ditram," Filomena alijibu. "Mambo yake yote yalikuwa ya haraka."

Marehemu hajitetei. Anselmi angenyamaza tena, lawama ya pili ingelala juu ya ile ya kwanza.

"Ni mimi, shemeji. Hakukimbiza gari. Alikanyaga breki, breki haikuwepo."

Filomena akakaa kwenye tairi kuukuu.

"Kaburi lake sijalijengea hadi leo," alisema. "Ni hasira. Kila nikienda namgombeza, kwamba mwendo wake ndio ulioniachia watoto wadogo wawili."

Anselmi akapiga magoti. Machozi yakamtoka mbele ya mgeni.

"Usinipigie magoti mimi." Filomena aliinuka, akajifunga upya kanga. "Ifungue hiyo paipu. Twende nayo makaburini, ukamwambie mwenyewe."

Anselmi akachukua spana. Nati ilikuwa na kutu ya miaka arobaini, lakini iliachia kwa mzunguko wa kwanza.