Bihogo, Kuku wa Kuragizwa

Sisi tuliokulia mtaa wa Rwezamenyo, huku kwetu Rwanda, kabla lami haijafika vichochoroni, hakuna aliyeamshwa na simu. Tuliamshwa na adhana, halafu jogoo, halafu mama. Ukiwapuuza wawili wa kwanza, wa tatu alikuja na kopo la maji ya baridi. Leo mjukuu wangu anaweka simu ilie mara tano na bado anachelewa shule, kisha anasema amechoka. Amechoshwa na nini, sijui. Kuni hakuchanja.

Nimeitwa bibi nikiwa bado na meno yangu yote, na shule niliishia la nne, kwa hiyo mtu asitafute maneno makubwa hapa. Nataka kusimulia kuku.

Wakati ule kila nyumba ilikuwa na kuku nyuma, kwenye igikari, ule ua wa jiko na kamba za nguo. Hawakula chakula cha gunia. Asubuhi pumba ya mahindi iliyokandwa kwa maji ya vuguvugu, mchana wajitafutie, jioni makombo ya wali na maganda ya ndizi yaliyokatwakatwa. Mvua zikianza na kumbikumbi wakatoka ardhini, watoto wa mtaa mzima tulitoka na masufuria kuwakusanyia kuku karamu yao. Na kwa kuwa kuku wa nyumba zote walichanganyika, kila nyumba ilifunga wake uzi mguuni. Wetu walikuwa na uzi wa kijani, kwa sababu baba alikuwa fundi cherehani na kijani ndiyo rangi ambayo wateja hawakuipenda.

Basi mwaka wa tisini na moja kideri kilipita. Wenye kuku mnakijua. Leo kuku anasinzia, kesho shingo imepinda, keshokutwa unachimba shimo. Kwetu hakubaki hata mmoja. Na mwezi uleule mdogo wangu Swaibu akapata surua. Alikuwa na miaka mitatu. Surua ilimwacha, lakini ilimwacha mifupa. Alikaa kwenye mkeka juani, kimya, miguu kama mabua ya mtama, wenzake wakipita mbio anawatazama tu kama mzee. Muuguzi wa dispensari akamwambia mama, "Huyu hana ugonjwa tena, ana njaa ya mwili. Mpe yai kila siku." Ukisikia hivyo na huna kuku, unajisikia kama umetukanwa. Mama aliomba yai huku na kule mpaka akaona aibu kugonga milango.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi Mukecuru Veridiyana. Sisi tulimwita Mukecuru tu, yaani mwanamke mzee. Alikuwa Mkristo, kila Jumapili anashuka misa na rozari mkononi, na Kiswahili alikijifunza kwetu sisi Waislamu wa mtaa, akakishika alivyoweza. Kideri kilimwachia kuku mmoja, jike la rangi nyekundu iliyoiva, ambalo alilipa jina la ng'ombe, Bihogo. Ukimcheka alikujibu, "Mwenye haina ng'ombe, kuku yake ndiyo ng'ombe."

Jioni moja akaja kwetu na Bihogo kwapani. Hakukaa hata chini.

"Mama Zuhura, nakuragiza huyu."

Zuhura ni mimi. Na kuragiza, kwa wasiojua, ni desturi ya Wanyarwanda tangu enzi za ng'ombe. Mtu anakupa mfugo wake umtunze nyumbani kwako. Akizaa, mnagawana. Kwa kuku ilikuwa hivi: mayai ya kwanza hayaliwi, yanaatamiwa yote. Vifaranga wakitoka, nusu ni wako na nusu wa mwenyewe, na kuku anaendelea kukaa kwako, na mayai yake ya baadaye ni halali yako. Lakini uzao wa kwanza ukiharibika, mwenye mali anamchukua kuku wake, maana yake hukujua kutunza. Kwa hiyo yai la Swaibu lilikuwa nyuma ya uzao ule. Hata mimi wa miaka kumi na mmoja nililielewa hilo.

Mama alinikabidhi Bihogo mimi. Nilimfungia uzi wa kijani, nikamfunga kamba mguuni siku tatu ili aizoee nyumba, nikamtengenezea kiota pembeni mwa jiko: kikapu kibovu, majani makavu, na majivu chini kuzuia utitiri. Jogoo wa jirani aliyenusurika kideri akamtembelea, naye akataga mayai kumi na moja. Akakaa. Mama akachukua uzi wa baba akaufunga mafundo ishirini na moja, kila alfajiri anafungua moja. Hiyo ndiyo ilikuwa kalenda yetu, na haikuhitaji chaji.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Wakati huohuo madrasa tulikuwa tunafundishwa twahara. Ustadhi alikuwa na fimbo na sauti, vyote virefu. Najisi ni hii, najisi ni ile, nguo ikigusa osha, mwili ukigusa osha, swala yako itapanda vipi kwa Mungu na wewe umechafuka? Nikarudi nyumbani kichwa kimejaa. Siku ya fundo la kumi na tatu, Bihogo alitoka kula, nikachungulia kiota. Mayai yamepakaa kinyesi, manyoya, majivu, uchafu mtupu. Kila usiku nilikuwa naomba dua Swaibu apone kwa mayai haya, kumbe yenyewe najisi! Ndiyo maana hapati nafuu, nikasema.

Nikachukua birika la baba la kutawadhia. Nikasema Bismillahi. Nikaosha yai moja moja, mara tatu kila moja, nikisugua kwa kitambaa, na maji ya mtungi ya mwezi wa nne, baridi yake mnaijua. Kisha nikatandika kanga ya mama uani nikayapanga yakauke. Yaling'aa, wallahi. Bihogo alirudi akakuta kiota kitupu, akawa anazunguka anapiga kelele, mimi namwambia ngoja, yanakauka.

Mama akatokea na kikapu cha sokoni kichwani. Akasimama. Akatazama kanga, akatazama birika, akanitazama mimi.

"Zuhura. Hayo ni nini?"

"Nimeyatwaharisha, mama."

Sikupigwa, na hapo ndipo nilipoogopa. Mama aliyarudisha mayai kwenye kiota kwa haraka, akamshika Bihogo akamkalisha juu yake. Kisha akaniambia maneno ambayo mpaka leo nawaambia wanangu: "Kitu cha watu kikiharibika mkononi mwako, mwenyewe asikisikie kwa jirani. Nenda ukamwambie sasa hivi. Mimi siendi nawe."

Hatua arobaini mpaka kwa Mukecuru, sijawahi kwenda safari ndefu kama ile. Nilimkuta anapepeta maharage. Nilisimama mlangoni nikasema yote kwa pumzi moja, birika, najisi, kanga, na machozi yakinitoka. Aliacha kupepeta.

"Maji ilikuwa ya moto?"

"Baridi, Mukecuru."

"Maji ya baridi! Yezu wanjye!" Akaweka ungo chini. Nikangoja matusi. Badala yake mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika ukuta. "Sisi tunabatiza watoto. Nyinyi munabatiza mayai!"

Alipomaliza kucheka alifuta macho, na uso ukarudi mahali pake. "Sikia, mwana wanjye. Yai iko na mtu ndani. Ukiivulisha nguo kwa baridi, inakufa. Sasa tumuachie Bihogo. Siku ikifika, tutaona."

"Na wakifa wote?"

"Wakifa wote, kuku inarudi kwangu. Desturi ni desturi."

Alisema bila ukali, lakini alisema. Watu wa zamani hawakukudanganya ili ufurahi. Leo mtoto akivunja kitu anaambiwa pole wewe, kana kwamba kitu ndicho kilichomvunja yeye.

Siku nane zilizobaki nilizipitia bila kushiba. Kila nikimwona Swaibu kwenye mkeka, nilijua nimemwibia. Mama aliendelea kufungua mafundo. Fundo la mwisho likafunguliwa, kukawa kimya. Bihogo amekaa tu. Mchana kimya, usiku kimya. Alfajiri iliyofuata, mama akiwasha moto, alisimama na kibiriti mkononi. "Njoo," akasema. Nikapiga magoti. Chini ya bawa la Bihogo, sauti nyembamba kama mlango unaohitaji mafuta.

Walitoka wanne. Saba walibaki baridi.

Mama hakungoja kuitwa. Walipokauka aliwatia vifaranga wote wanne kwenye kikapu, akanipa mimi Bihogo nimbebe, tukaenda. Akamwambia Mukecuru: "Uzao umeharibika kwangu. Kuku wako huyu, na vifaranga wote chukua, hakuna nusu yetu. Utusamehe."

Mukecuru alimnyanyua kifaranga mmoja mmoja, akawapulizia manyoya, akawatazama miguu.

"Mama Zuhura, huyu mtoto yako, nani alimutuma kuja kuniambia?"

"Mimi."

"Na alikuja yeye mwenyewe?"

"Alikuja."

"Basi kuku iliharibikiwa na mayai, haikuharibikiwa na watu. Kuku inaharibika mahali panafichwa mambo." Akaweka wawili upande huu wa kikapu, wawili upande ule. "Wawili yangu. Wawili yenu. Nusu ni nusu. Na wote wakae na mama yao, na mama yao akae kwenu. Rudini nyumbani, hawa wanasikia baridi, na hii Zuhura ya kwenu inaweza kuwaogesha tena."

Mama, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata mazishini, alijifunika uso kwa kanga.

Wale wawili wa Mukecuru tuliwafunga uzi mwekundu. Mwewe alipopita akamnyakua mmoja wa wekundu mbele ya macho yetu, mama alifungua uzi wa kijani kwa mmoja wa kwetu, akamfunga mwekundu, kazi ikaisha. Hakuna aliyeitisha kikao. Na Bihogo alipoanza kutaga tena, Swaibu alikula yai lililochemshwa kwenye birika la chai, na chumvi kidogo, karibu kila siku Mungu aliyoileta. Kwanza alisimama kwa kushika ukuta. Halafu akatembea. Halafu siku moja nilimkuta anamfukuza Bihogo uani kwa fimbo, na nilipaswa kumchapa, nikashindwa, nikakaa chini kwenye vumbi nikimtazama anavyokimbia.

Mwaka wa tisini na nne ulitutawanya. Yake siyasimulii hapa, kila mmoja wetu anayo ya kwake. Tuliporudi mtaani, Mukecuru hatukumkuta, wala mtu wa kwake wa kumwambia asante. Nami nilikuwa sijawahi kumwambia. Nilikuwa mtoto, nilidhani watu wakubwa wanajua tu. Kwa hiyo nasema leo, mbele ya wote wanaosoma: murakoze cyane, Mukecuru. Mungu alikupa mkono mpana na mimi niliuona.

Swaibu sasa anafanya kazi ya mizigo kule Kanombe, uwanja wa ndege. Shingo yake haiingii kwenye kola. Wajukuu wangu wanakula mayai ya dukani yaliyopangwa kwenye trei, meupe, yameoshwa na mashine, na nyumba ya pili kutoka kwetu ina geti la chuma ambalo miaka mitatu sijaona likifunguliwa kwa mtu wa miguu, kwa gari tu. Nilipowasimulia habari hii, mkubwa wao aliinua macho kutoka kwenye simu, jambo ambalo ni nadra. "Bibi, huyo Mukecuru alikuwa ndugu yenu?"

Nikamwambia hapana. Alikuwa jirani.

"Sasa kwa nini aliwapa?"

Nikammiminia chai. Enzi zetu hakuna aliyeuliza.