Kiti cha Wageni

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja ya hapa Mwanza, nikisubiri barua yangu ichapwe. Kompyuta yao mpya imewekwa kwenye meza ndefu, na feni pekee ya ofisi inaipulizia hiyo kompyuta tu. Mchapaji, dada mjamzito, alikuwa amekalia kreti la soda, shingo ameinyoosha juu kama anayetafuta mjusi darini. Kila baada ya mistari michache alijishika kiuno.

"Bosi, naomba kile kiti," alisema, akionyesha kiti cha mto kilichokaa kitupu ukutani.

"Kile ni cha wageni. Wewe umekuja kufanya kazi, hukuja kupumzika."

Mama mmoja tuliyekuwa naye kwenye foleni alizunguka kaunta, akakiburuta kiti mpaka kwenye kompyuta.

"Mama, nimesema ni cha wageni!"

"Mgeni si ndiyo mimi? Nimempa. Kaa, mwanangu."

Dada akakaa, macho yakalingana na kioo. Bosi akainuka kuigeuza feni, upepo usije ukampata dada badala ya kompyuta.

Mashine hizi tunaambiwa zimeletwa na soko huria. Sawa. Mabosi hawa je, nani aliwaagiza?