Matoazi ya Mjomba Cheche

Mjomba wangu, kaka wa pekee wa mama, ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha ya vyuma. Kwa sababu ya kazi hiyo mtaa mzima unamwita Cheche. Yeye mwenyewe ukimuuliza anafanya kazi gani, atakwambia ni dijei, mageti anachomelea kusogeza siku tu. Siku zenyewe amezisogeza miaka mingi sana.

Miksi yake ya kwanza aliitengeneza mimi nikiwa bado naenda shule. Ni muziki wa saa nzima na ushee usiokatika hata mara moja. Alichukua ngoma za breki-biti, zile zinazojikwaa kama mtu aliyekosa ngazi halafu akajiwahi asianguke. Akaziunganisha na muziki wa gereji, wenye besi nene na sauti za wanawake zilizokatwakatwa, mpaka unasikia nusu ya neno na nusu nyingine unaimalizia mwenyewe. Katikati akatia gitaa la dansi la zamani na kipande cha kwaya. Ukisimuliwa tu, unaona ni kazi ya mtu aliyechanganyikiwa. Mteja mmoja alipoambiwa hiyo ni gereji aliuliza, "Na oili inamwagwa wapi?" Huyo huyo baadaye nywele zilikwisha kusukwa na hakutaka kuondoka.

Mteja nasema kwa sababu mama ana saluni ya kusuka, chumba kimoja chenye viti vitatu, na mimi namsaidia tangu nilipoacha shule. Kwetu sisi wasukaji miksi ile ilikuwa zaidi ya starehe. Nyimbo za kawaida, ukiisha mmoja panakuwa na kimya kidogo, na kwenye kimya hicho mteja anaikumbuka shingo yake. Anauliza, "Bado tu?" Miksi ya Mjomba haina mahali pa kuulizia bado. Wimbo unaingia chini ya mwenzake polepole, kama mgeni anayevua viatu mlangoni, ukija kushtuka mwenye nyumba kaondoka zamani. Na vidole navyo vinapata mwendo. Ngoma ikijikwaa unagawa nywele, ikijiwahi unakaza.

Mwenye ukumbi wa karibu na soko, ambaye sote tunamwita Mama Ukumbi, aliisikia akiwa anasukwa. Akamwita Mjomba.

"Nitengenezee nyingine. Ikiwa tamu kama hii, Jumapili zote mchana ukumbi ni wako."

"Mama, usinitanie."

"Nina sura ya kutania mimi?"

Mjomba alikwenda kumwambia mama, kama vile mama hakuwepo pale na kitana mkononi: "Dada, nimeachana na vyuma. Mashine naiuza."

"Tengeneza kwanza, kaka, ndipo uuze."

Akatengeneza msimu wote wa mvua. Ni wakati huo tulipoanza kuona mambo. Ukimwita kwa nyuma, hageuki. Akija kwetu anaongeza sauti ya redio mpaka jirani anagonga ukuta. Ukimuuliza, anasema watu wa siku hizi wanaongea kama wana maji mdomoni. Miaka yote ile ya kukata vyuma kwa grainda hakuwahi kuziba masikio. Alikuwa anasema chuma kikikubali kukatika hubadilisha sauti, na fundi asiyeisikia sauti hiyo ataharibu kazi. Wenzake walivaa vizibo, yeye akawacheka.

Jumamosi moja asubuhi akaja na flashi. Mama Ukumbi alikuwa kitini, upande mmoja wa kichwa umeshasukwa, upande wa pili umesimama kama umeona polisi. Mjomba akachomeka flashi, akaweka kiganja juu ya spika, akatabasamu.

Ikaanza. Chini kabisa kulikuwa na kitu kizuri, ungeweza kukihisi, lakini juu yake matoazi yalikuwa yanachana hewa. Tss, tss, tss, mpaka kwenye meno. Mteja wa pembeni akasema, "Jamani, nani anakaanga samaki humu?" Mama akamfinya bega.

"Mnaonaje?" Mjomba akauliza.

"Inachangamsha," akasema yule aliyefinywa.

Mama Ukumbi alivumilia kwa macho ya kufumba na kufumbua. Hata angetaka kukimbia, angekimbilia wapi na kichwa kile? "Umejituma, Cheche," akasema. "Nitakupigia." Alisema kwa sauti ile ya kumwambia fundi cherehani kwamba gauni halijakaa.

Mjomba akaenda kununua chai ya watu wote kwa furaha. Alipotoka tu, mama akazima.

"Shoga," Mama Ukumbi akasema, "kaka yako kafanya nini? Wageni wangu watatoka damu masikioni."

"Ni masikio yake," mama akasema. "Yameisha."

Hakuna aliyewahi kulisema hilo kwa sauti. Mama alilisema na mikono ikiendelea kusuka.

"Basi mwambie apunguze. Namsubiri mpaka Jumatatu. Baada ya hapo kuna kijana mwingine ananisumbua."

Jioni mama akamkalisha. "Kaka, sauti nyembamba huzisikii. Ndiyo maana unazipandisha. Wewe unaona zimekaa sawa, sisi zinatuchoma."

Mjomba akacheka. "Nani kasema?"

"Wote."

"Hata huyu?" Akaninyooshea mimi kidole.

Mimi nikaangalia kitana. 

Kesho yake mchana, saluni imefungwa, akaja na kompyuta yake, akaiweka mbele ya kioo. "Wewe huna maneno mengi," akaniambia. "Shusha hayo matoazi mpaka yakae sawa kwenu."

Nikashusha kidogo kidogo. Gitaa likajitokeza, kumbe lilikuwepo muda wote. Sauti ya msichana ikaanza neno, gitaa likalimalizia. Ngoma ikajikwaa, ikajiwahi, na mama aliyekuwa anafagia akasimama na ufagio. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Nilitaka kumtazama Mjomba tufurahi wote, nikakuta uso wake umebaki mtupu.

"Umezima?"

"Hapana, Mjomba. Inapiga."

"Besi naipata. Ngoma imekwenda wapi?"

"Ipo."

"Pandisha."

Nikapandisha. Mama akakunja uso, Mjomba akachangamka. "Haya, sasa ipo!" Nikashusha, ikampotea. Nikapandisha tena, nikashusha tena. Nilikuwa natafuta mahali katikati, hata padogo, ambapo angesikia yeye na tusiumie sisi. Nilitafuta mpaka kidole kikatoka jasho. Hapakuwepo.

"Hiyo ya kwenu ni nzuri?" akauliza mwisho.

"Nzuri sana."

"Kuliko ya kwanza?"

Mama akatikisa kichwa kukubali, kwa nguvu, ili aone.

"Basi ihifadhi hivyo. Mpelekee."

"Na hiyo Jumapili yenyewe utapigaje, kaka?" mama akauliza. Mjomba akanisogezea kompyuta. Labda hakusikia, labda alisikia.

Nikahifadhi. Akaniomba nimwekee kipande cha karibu na mwisho, alichokihangaikia kuliko vyote. Pale vyombo vyote vinanyamaza, yanabaki matoazi peke yake, mepesi, yanahesabu, halafu besi inarudi na kila kitu kwa pamoja. Alisema watu wote ukumbini watashika pumzi hapo.

Nikakiweka. Vyombo vikanyamaza, matoazi yakabaki. Yalikuwa mepesi kweli, kama mtu anayepita na kitita cha funguo mfukoni. Mama alishika pumzi. Mjomba alikuwa anautazama mdomo wangu.

"Mbona imekwama?" akasema.

"Haijakwama, Mjomba. Ndiyo hiyo inapita."

Akainamisha kichwa, akakaa hivyo hivyo bila kupepesa macho, mpaka besi ilipoingia.