Siku Niliyosema Maza Imekufa

Sitaki kuficha, niliaibika. Hadi leo nikipita sokoni Makanyagio, hapa Mpanda, kuna mama muuza nyanya lazima aniulize, "Festo, maza mzima?" na wenzake wanacheka mpaka wanashika mbavu, nami nacheka nao, kwa sababu ukikasirika ndiyo umewapa kazi ya mwaka mzima. Basi bora niwasimulie mwenyewe kuliko muisikie kwa watu wa kuongeza chumvi (ingawa hii sijui wataiongezea wapi).

Mimi natengeneza video za harusi na sendofu, na kompyuta yangu iko nyumbani, sebuleni, juu ya meza ambayo zamani tulikuwa tunalia chakula. Mazabodi yake, ile bodi kuu ya ndani, iliungua siku umeme uliporudi kwa fujo, nikaagiza nyingine iliyotumika kutoka Tabora, ikaja kwa basi imeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Mtu mwenye akili angeipeleka kwa fundi. Mimi nikasema aah, skrubu ni skrubu, nikaifunga mwenyewe, Ijumaa ikawaka, nikajiona injinia. Jumamosi asubuhi nabonyeza, feni zinajizungusha kidogo, zinakata, skrini nyeusi tii.

Nilikuwa naishi na mama. Alitoka kijijini kwetu Mamba kuja kutibiwa presha, na nesi alituonya tusimshtue, habari mbaya zote zipitie kwangu kwanza. Lakini kilichokuwa kinampandisha presha tulikijua wote: kaka yangu Deo. Mama aliuza shamba la mpunga kule Mamba ili atibiwe, hakumuuliza, Deo akasusa, akahamia Karema ziwani kuuza dagaa, na simu za mama akawa hapokei. Sasa fikiria, mtaa mzima unamwita Mama Deo, asubuhi mpaka jioni, na huyo Deo mwenyewe hata salamu hatoi. Nilikuwa naona jinsi mama anavyoliitikia jina lile, na iliniuma.

Jumamosi hiyo mama alikwenda Nsemulwa kumwona shoga yake, simu kaiacha kitandani kama kawaida (anasema simu ibebwe na wanaotafutwa). Nikabaki na mgonjwa wangu. Nikachomoa ramu, nikaisugua kwa kifutio, nikairudisha, kimya. Nikabadilisha waya wa skrini, kimya. Nikaizaba kofi la ubavuni, lile tunalopiga redio, ikawa kimya zaidi. Basi nikachukua simu nimtumie fundi ujumbe wa sauti, na sisi wa kazi hizi hatuna muda wa kusema mazabodi, tunasema maza, kama vijana wanavyomwita mama mzazi:

"Kaka, maza imekufa. Jana jioni tulikuwa nayo vizuri tu, asubuhi hii naigusa, ya baridi, haina hata pumzi. Njoo nyumbani, peke yangu siwezi."

Kwenye simu yangu kundi la "Familia" na jina la "Fundi" yamekaa juu na chini, na kidole changu kilikuwa kimejaa vumbi la ndani ya kompyuta. Mnajua ujumbe ulikokwenda. Hapo hapo bando likaisha, nikaweka simu kimya, nikawasha tochi yake, nikaingiza kichwa ndani ya kasha.

Mtasema, si ulisema "imekufa", hukusema "amekufa"? Kwa watu wa pwani hilo lingeniokoa. Kwetu huku, ambako kila mtu Kiswahili kakikuta njiani akitokea kwenye Kipimbwe chake au Kisukuma chake, mjomba wangu husema "mgeni imefika" na chai inaletwa bila swali.

Nikasikia kilio mlangoni. Shangazi Yustina, dada wa marehemu baba, kaingia mikono kichwani, akanidondokea shingoni: "Uwii, Festo wangu, tumebaki na nani!" Jamani, kwetu mtu akija analia humuulizi, ni kukosa adabu, unalia naye kwanza, maswali baadaye. Nikajua ni mume wake, Baba Anna, maana alikuwa anaumwa tangu masika. Nikalia. Na mimi nikilia nalia kweli, Baba Anna ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Majirani wakasikia vilio viwili, wakaja. Kina mama wakaleta kuni na unga, wanaume wakafunga turubai, moto ukawashwa nje, na mimi katikati nabubujikwa na machozi, bisibisi mkononi.

Mara Baba Anna akaingia. Kwa miguu yake.

"Pole, mwanangu," akanishika bega, "jikaze, wewe ndiye mwanaume hapa."

Nikamkodolea macho. "Baba Anna, kwani amekufa nani?"

Akamgeukia shangazi, akasema taratibu, "Kachanganyikiwa huyu. Mleteeni maji."

Nikaendelea kumuuliza, mpaka akatoa simu yake akanisikilizisha sauti yangu mwenyewe. "Ni mazabodi!" nikapiga kelele. "Ni kompyuta ndiyo imekufa!" Hapo ndipo wote wakaamini kwamba kweli nimerukwa na akili, vijana wawili wakanikamata mikono.

Na nikiwa nimekamatwa hivyo nikasikia nje: "Festooo! Mwanangu! Festooo!" Mama karudi. Kaona turubai, kaona moto, na nyumba ile ina watu wawili tu, na yeye yuko hai. Jibu lilikuwa moja.

Waliomwona wakatawanyika. Kuna mzee mmoja anatembelea fimbo siku zote, aliruka ua wa mabua na fimbo kaiacha. Nikajichomoa kwa wale vijana, nikakimbia nje, nikamkumbatia, akawa ananipapasa uso kama haamini, mikono yake ya baridi, pumzi zinakuja moja moja, akaketi chini palepale kwenye vumbi. Niliogopa vile sijawahi kuogopa. Nilijiambia sasa ndiyo nimemuua kweli, tena kwa mdomo wangu. Tukampepea, tukampa maji, shangazi akawa anasali kwa sauti huku bado analia, na polepole pumzi ikarudi.

"Nani kafa?" akauliza.

"Wewe, mama," nikasema.

Alitaka kuisikia ile sauti. Akaisikiliza, akataka tena. "Naigusa, ya baridi? Mimi, Festo?" Akanichapa na kanga kichwani, akanichapa tena, halafu akaanza kucheka, na watu nao wakaruhusika kucheka, hata yule mzee wa fimbo alirudi. "Kuni za msiba hazirudishwi," mama akasema, "pikeni." Tukala msiba wa mama pamoja na mama, na alilalamika kwamba mboga haina chumvi.

Halafu akauliza, "Na Deo kaambiwa?"

Baba Anna akajikuna shingo. "Alipiga asubuhi ileile. Alisema anatoka sasa hivi." Tukampigia, hapatikani, barabara ile imepita porini na mtandao hakuna. Mama akasukuma sahani pembeni.

Jioni pikipiki ikaingia uani. Deo mwekundu kwa vumbi tangu nywele mpaka viatu, anashuka hata pikipiki hajaisimamisha, imeanguka. Sote tukasimama, na hakuna aliyejua aanze vipi, mambo kama hayo unamwambiaje mtu? Akatupita. Akampita mama mwenyewe, aliyekuwa kwenye mkeka katikati ya kina mama wenzake, kajitanda kanga. "Kaka, subiri," nikasema, akanisukuma, akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama, akaanguka magotini, uso kwenye godoro tupu.

"Mama, nisamehe," alikuwa analia. "Lilikuwa shamba tu, mama, udongo tu. Simu zako zote nilikuwa naziona. Naiangalia inaita mpaka inakata. Nilijua utapiga tena, mama, nilijua utapiga tena tu..."

Mama alikuwa amefika mlangoni nyuma yangu. Nikafungua mdomo niseme, akanifunika kwa kiganja. Akasikiliza yote, kaegemea mlango, machozi yanamtiririka na hayafuti. Deo alipoishiwa na maneno akabaki anapumua tu, mama akasema:

"Endelea, Deo. Nakusikia."

Sitawaambia kaka yangu aliruka vipi, ameniomba. Nitasema tu kwamba alimshika mama miguu na mimi nikawafungia mlango.

Fundi nilimpigia usiku, akaja siku iliyofuata, akakuta waya mdogo wa umeme unaokwenda kwa prosesa haukuingia vizuri, akausukuma kwa kidole gumba, ka! ikawaka. Ndiyo hiyo tu, na nusu ya Mpanda ilikuja kunililia. Watu wananiambia niape sitarudia. Kufunga mazabodi mwenyewe sirudii, naapa mbele yenu, na kila ujumbe sasa nasoma jina mara mbili. Ila wakitaka niape kwamba natamani ile sauti nisingeituma, kiapo hicho kinanikwama, kwa sababu Deo siku hizi anapiga kila jioni, na mama haiachi simu iite hata mara mbili.